Mwongozo kamili: kukua kisanaa kupitia wanyama, kuanzia mbuzi wa mtaani mpaka kinyago cha mpingo

Hapa Bagamoyo vijana wananijia sana kuuliza waanzeje kuchora na kuchonga wanyama, na karibu kila mmoja anakuja kashika simu ina picha ya simba. Simba mwenyewe hajawahi kumwona hata siku moja, ila ndo anataka aanze naye kwasababu ndo anauzika. Naelewa, hela inahitajika. Lakini nimekaa kwenye hii kazi miaka mingi, naipenda kuliko chochote, na nitakwambia kitu nilichokiona kwangu na kwa wenzangu: msanii anayekua ni yule aliyekaa na mnyama mmoja aliye karibu naye mpaka akamjua, kwa kalamu, kwa udongo, kwa rangi, afu kwa mbao, mnyama yuleyule. Kwahiyo mwongozo wote huu utamfuata mnyama mmoja, na mi nimemchagua mbuzi. Wewe unaweza kuchukua paka wa soko la samaki au kunguru au kuku, hatua ni zilezile.

Hatua ya kwanza: chagua mnyama unayeweza kumfikia kila siku

Sheria ni moja tu, uweze kumwona bila nauli. Mbuzi kwetu wako kila kona, ukipita mitaa ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo saa sita mchana unawakuta wamelala kwenye kivuli cha kuta za matumbawe, hawana habari na mtu. Huo ndo muda mzuri kwa anayeanza maana mnyama aliyelala anakupa muda. Asubuhi wanatembea, hao utawachora ukishazoea.

Omba ruhusa kwa mwenye mifugo, usikae tu unamkodolea mbuzi wa watu. Bibi mmoja jirani yetu siku ya kwanza aliniuliza, "Mjukuu wangu, mbona unamwangalia mbuzi wangu hivo, unataka kumnunua?" Nikamwambia, "Shikamoo bibi, hapana, namchora tu." Akaitikia marahaba, akaniletea kigoda. Tangu hapo kile kigoda kinanisubiri pale mlangoni, na yule mbuzi jike mweusi mwenye baka jeupe tumboni ndo aliyenifundisha zaidi ya mtu yeyote.

Jipe miezi mitatu na huyo mnyama. Najua inaonekana mingi.

Hatua ya pili: kuangalia na kuchora kila siku

Vifaa: kauntabuku isiyo na mistari kama utaipata (yenye mistari nayo inafaa, usisubiri), penseli laini, na vipande vya mkaa wa kawaida wa jikoni, chagua vile vyembamba vinavyoacha weusi bila kukwaruza karatasi. Bas.

Anza na michoro ya nusu dakika. Mstari mmoja wa mgongo kuanzia kichwani mpaka mkiani, alafu uzito wa tumbo, alafu miguu ni mistari tu. Usiguse jicho, usiguse manyoya. Piga kama kumi hivi, ndo uende kwenye ya dakika mbili mbili, na mwisho mmoja wa robo saa. Mnyama atahama katikati ya mchoro, atahama tu, na hapo wengi wanakata tamaa au wanamalizia kwa kubuni. Usibuni. Acha mchoro ulivo, anza mwingine pembeni kwenye ukurasa uleule, akihama tena anza wa tatu, maana mnyama ana mikao yake michache anayoirudia, baada ya dakika kadhaa utakuta karudi kwenye ule mkao wa kwanza na wewe unarudi kwenye mchoro wa kwanza unaendelea. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na mbuzi watano nusu nusu, huo ni ukurasa mzuri kabisa.

Vitu vya kuangalia kwa mbuzi: mboni ya jicho lake imelala, ni kama kistari cha mlalo, wakati ya paka kwenye mwanga inasimama wima. Mkia wa mbuzi unasimama juu, wa kondoo unaning'inia, yani ukikosea mkia tu watu wa pwani watakwambia umechora kondoo. Meno ya mbele ya juu hana, kwahiyo mdomo wa juu una ulaini fulani ambao ukiuchora kama wa mbwa unaharibu uso mzima. Na mwendo wake wa kawaida una mpangilio, unaanza mguu wa nyuma kushoto, unafuata wa mbele kushoto, afu nyuma kulia, afu mbele kulia. Kaa uhesabu kwa mdomo kabisa, utaona.

Kuhusu mwendo kuna jambo la kutia moyo. Wachoraji wakubwa wa Ulaya kwa mamia ya miaka walichora farasi anayekimbia akiwa amenyoosha miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, kama anaruka kamba. Mwaka 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge akampiga farasi picha za mfululizo kule Marekani, ikaonekana miguu yote minne inaachia ardhi kweli, ila pale inapokuwa imekunjwa chini ya tumbo. Jicho lilidanganywa na mazoea miaka yote hiyo. Ndo maana nasema chora unachokiona leo, achana na kile mkono wako umezoea.

Hatua ya tatu: mifupa

Hapa ndo penye utajiri na hapa ndo watu wanaruka, kwahiyo nitakaa kidogo.

Muulize mtu yeyote goti la nyuma la mbuzi liko wapi, atakuonyesha pale katikati ya mguu panapopinda kuelekea nyuma. Pale sio goti. Pale ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, limefichwa na ngozi. Na lile "goti" la mbele ni kifundo cha mkono, kama hiki chako unachovalia saa, kiwiko chake kiko juu kabisa kimebanana na kifua. Mbuzi anatembea kwa ncha za vidole viwili, kwato mbili zile ni kucha. Farasi na punda wao wanatembea kwa kidole kimoja tu kila mguu. Ili hili likuingie, weka mikono na vidole vya miguu chini, nyanyua visigino, inua magoti yasiguse sakafu. Mwili wako sasa ni mwili wa mbuzi, kila kiungo chake unacho. Mi hii nilifanya sakafuni nyumbani siku moja na michoro yangu ilibadilika wiki ileile, sijatia chumvi.

Sasa nenda kwa muuza supu ya makongoro. Muombe akuwekee mifupa ya mguu mzima, kuanzia kwato mpaka juu, na ukipata fuvu ndo vizuri zaidi. Wengi watakupa bure au kwa hela ndogo. Chemsha mpaka nyama na mishipa iachie, osha, anika juani siku kadhaa sehemu ambayo mbwa na kunguru hawafiki (kunguru wa hapa hawana huruma), halafu ipange mezani kwa mpangilio wake na uichore kila mfupa pande tatu. Angalia jinsi kiungo kinavyokubali kupinda upande mmoja na kukataa mwingine. George Stubbs, Mwingereza aliyekuja kuwa mchoraji mkubwa wa farasi, alijifungia karibu mwaka mmoja na nusu akipasua mizoga ya farasi tabaka kwa tabaka na kuchora, na kazi ile ikachapishwa mwaka 1766. Wewe hutahitaji mizoga, miguu miwili ya supu inatosha kuanza.

Na kinyume chake kipo. Albrecht Dürer wa Ujerumani, mkono wake ulikuwa wa ajabu, mwaka 1515 alimchora kifaru aliyeletwa Lisbon kutoka India. Yeye hakumwona, alitumia maelezo ya barua na mchoro wa mtu mwingine. Kifaru akatoka kavaa kama deraya ya chuma na kapembe kadogo cha ziada mgongoni. Picha ni nzuri mpaka leo, ila kile kapembe hakipo, na watu wa Ulaya walimnakili kifaru yule kwa vizazi na vizazi wakiamini ndo hivo alivyo. Sasa kama Dürer ilimtokea, wewe unayenakili simba wa kwenye simu aliyenakiliwa na mwingine, unajuaje pembe ya uongo iko wapi?

Hatua ya nne: udongo

Usiende kwenye mbao kabla ya udongo. Udongo unasamehe, ukikosea unaongeza, mbao ukikosea umekata.

Udongo mzuri wa kufinyanga unapatikana mabondeni na kando ya mito. Kuupima, sokota kamba nene kama kidole uizungushe kwenye kidole chako, ikipasuka pasuka sana huo ni dhaifu, ikikubali kuzunguka chukua. Loweka siku mbili tatu, chuja mawe na mizizi, acha upungue maji, kisha ponda vigae vya chungu kilichovunjika mpaka viwe kama mchanga uchanganye, kama sehemu moja ya vigae kwa nne au tano za udongo. Vile vigae vinazuia kazi kupasuka. Halafu kanda sana, kama unakanda unga wa chapati, kusudi hewa itoke.

Mbuzi wako wa kwanza awe analingana na kiganja na awe amelala. Narudia, amelala, maana miguu myembamba ya udongo haibebi tumbo. Anza na bonge moja la mwili, ongeza shingo kwa kuivuta kutoka kwenye bonge lilelile kuliko kuibandika, kichwa kiwe kama kabari, alafu ndo miguu iliyokunjwa. Kila baada ya dakika chache mzungushe. Kwenye karatasi ulikuwa na upande mmoja, hapa kuna mgongo unaoonekana kutoka juu, na utashangaa kwamba hujawahi kuangalia mbuzi kutoka juu. Rudi kwa bibi, simama, angalia. Utaona tumbo linavyotokeza pembeni, na mara nyingi kushoto kumejaa zaidi kuliko kulia kwasababu tumbo kubwa la kucheulia liko upande huo.

Akishakauka kidogo kiasi cha kushikika bila kubonyea, mkate katikati kwa waya mwembamba, chota ndani kwa kijiko mpaka kuta zibaki nene kama kidole, kwaruza zile kingo, paka tope zito la udongo huohuo, unganisha, na toboa tundu chini ya tumbo. Hili tundu usilisahau. Mi kazi yangu ya kwanza kubwa, mbuzi na mwanae, nilifanya wiki tatu, sikuchota ndani na sikusubiri ikauke vizuri, motoni ikalipuka kama baruti, maji yaliyokuwa ndani yakageuka mvuke yakakosa pa kutokea. Niliokota kipande cha sikio tu. Nililia, na kile kipande bado ninacho.

Kukausha: kivulini, siku saba mpaka kumi na nne kutegemea unene na unyevu wa bahari, siku za mwanzo funika na nailoni usiku. Shavu lako ndo kipimo, gusisha kazi shavuni, ikiwa ya baridi bado ina maji. Kuchoma: pasha kwanza kwa moto mdogo pembeni masaa kadhaa, ndo uifunike kwa kuni, makumbi na vifuu vya nazi ambavyo sisi wa pwani tunavyo vya kutupa, washa, acha iwake na ipoe yenyewe usiku kucha. Usiichokonoe ikiwa ya moto hata ukiwa na hamu gani.

Hatua ya tano: rangi

Sasa unarudi kwenye picha ukiwa na mikono inayomjua mnyama. Mfano wetu mkubwa ni Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya hadibodi na rangi za mafuta, zile za baiskeli. Alifariki mwaka 1972, yani alichora miaka michache tu, na mtindo ukabeba jina lake dunia nzima. Watu wanaona Tingatinga wanadhani ni rangi kali na madoadoa. Angalia kazi zake za mwanzo, mnyama mmoja, mkubwa, kajaa ubao mzima, nyuma rangi tulivu. Ule ujasiri wa kumweka mnyama mmoja peke yake ndo wa kujifunza.

Namna ya kufanya ni hivi. Kata hadibodi mraba wa kama sentimita 60, piga msasa kidogo upande laini, paka andakoti nyeupe mara mbili, kila mkono wa rangi ukauke siku nzima. Weka rangi ya nyuma, ikauke. Hamisha mchoro wako kwa penseli, chagua ule wa nusu dakika wenye uhai, usichague ule uliopendeza. Paka mwili kwa rangi moja nzima kwanza, kauka, ndo uweke kivuli na madoa. Rangi ya mafuta ukiigusa kabla haijakauka inavutika inakuwa kama kamasi. Brashi osha kwa tina, fanya kazi nje au dirisha wazi, ile harufu sio ya kuchezea.

Weusi wa mbuzi mweusi sio mweusi. Asubuhi mgongoni kuna bluu ya anga, tumboni kuna wekundu wa vumbi la ardhi. Changanya bluu nzito na kahawia upate weusi unaoishi, ule wa kopo ni mfu.

Ukipata nafasi fika Kondoa, michoro ya miambani ya Kolo na maeneo jirani, iliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Kuna twiga, tembo, pofu (yule swala mkubwa), wamechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo na watu waliowaona wanyama hao kila siku ya maisha yao. Mstari mmoja na pofu anatembea. Nilisimama pale nikakosa la kusema.

Hatua ya sita: kupunguza

Chukua mchoro wako bora wa mbuzi. Uchore tena ukiondoa kitu kimoja. Tena, ondoa kingine. Fika mara kumi. Picasso, yule mchoraji maarufu wa Hispania, alifanya hivi kwa fahali, kati ya Desemba 1945 na Januari 1946, hatua 11, akaanza na fahali kamili mwenye nyama akaishia na mistari michache na bado ni fahali. Na François Pompon, Mfaransa, alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana za wachongaji wengine akiwemo Rodin, mchongaji mkubwa wa Ufaransa, ndo mwaka 1922 akiwa na miaka 67 akaonyesha dubu wake mweupe Paris, laini, hana unyoya hata mmoja, na watu ndo wakamjua. Miaka 67! Ukiona unachelewa mkumbuke huyo mzee.

Onyo langu, usianze na hatua hii. Aliyeondoa anajua alichoondoa, na asiyejua mifupa akirahisisha inaonekana.

Hatua ya saba: mbao

Anza na mwembe au mkorosho, ni laini kiasi na magogo yanapatikana. Mpingo baadae, ni mgumu, unakula patasi, na ni mzito mpaka unazama majini.

Kitu cha kwanza ni nyuzi za mbao. Mguu lazima uwe na nyuzi zinazoenda kwa urefu wake, zikikatisha mguu utavunjika hata kwa kuanguka mezani. Ndo maana vinyago vingi vya wanyama wanaosimama huwa na miguu minene, au mchongaji kamlaza mnyama. Chora umbo la ubavu kwenye gogo, na umbo la kutoka juu, kata kwa msumeno yale makubwa, ingia na tezo, halafu patasi, na kisu mwisho. Acha kichwa na masikio yawe manene mpaka dakika za mwisho. Mfano wako wa udongo uwe mezani muda wote, usichonge kwa kumbukumbu. Msasa anza namba 80, panda 120, 240, malizia 400.

Gogo bichi likikauka haraka linapasuka, kwahiyo paka nta au rangi kwenye ncha mbili na uliweke kivulini miezi. Mpingo nunua kwa muuzaji mwenye vibali vya misitu na udai risiti, miti hii inakua taratibu mno. Na tafadhali usipake mti mweupe kiwi nyeusi ukamuuzia mgeni kama mpingo. Inafanyika sana na inatuharibia wote jina. Gamba la kasa, meno na ngozi za wanyama pori usitumie kabisa, ni kosa kisheria.

Hatua ya nane: sasa nenda kwa wa porini

Baada ya mbuzi, Saadani iko jirani yetu, hifadhi inayogusana na bahari, kuna tembo, twiga, viboko wa mto Wami. Utashangaa mwenyewe. Utamwona twiga na jicho litatafuta kisigino bila kuambiwa, utakumbuka ile shingo ndefu yote ina pingili saba tu, sawa na yako. Chora ndani ya gari kwa michoro ya nusu dakika, ile mazoezi yote ya kwa bibi ilikuwa kwa ajili ya hapa.

Kuuza, kwa kifupi

Andika tarehe na jina nyuma ya kila kazi, piga picha kabla haijaondoka. Jisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na kazi zako ziandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Tamasha la TaSUBa, chuo chetu cha sanaa hapa Bagamoyo, linaleta watu wengi mjini, jiandae mapema. Ukiacha kazi dukani kwa mtu andikishaneni, mi kuna duka lilichukua vinyago vyangu sita kwa mdomo tu na mpaka leo sijaona hela wala vinyago. Na mwaka wa kwanza weka kazi tano za kwako usiziuze, utazihitaji kujilinganisha nazo.

Mi sasa hivi nimeacha mbuzi, niko mwezi wa pili na pweza. Naenda soko la samaki mnada ukianza, namchora akiwa bado anajikunja kwenye sinia. Hana mfupa hata mmoja, kwahiyo kila nilichojifunza kuhusu viungo hakinisaidii, mkono mmoja unapinda popote unapotaka. Wawili wa udongo wamevunjika mikono wakati wa kukauka. Wa tatu nimemkalisha juu ya jiwe la matumbawe la udongo huohuo ili mikono yote minane ipate pa kuegemea, yuko dirishani kafunikwa nailoni, jana nilimgusisha shavuni bado wa baridi. Mvua isiponyesha namchoma Jumamosi.